Vermentino Mezani: Namna ya Kuchagua, Kupoza na Kuupangia Chakula Mvinyo Mweupe wa Sardinia

Nimehudumia meza za wageni wa Kiitaliano huko Malindi kwa miaka mingi, na kila msimu vijana wapya wanapoanza kazi huniuliza maswali yale yale: je, mvinyo mweupe hautiwi barafu ndani ya bilauri? Si kila samaki anafaa kuliwa nao? Mbona chupa hii ni chungu mwishoni, au imeharibika? Siku hizi maswali hayo naulizwa pia na watu wa nyumbani, walioletewa chupa na rafiki au jamaa aliyeko Italia na hawajui waanzie wapi. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa kutumia mvinyo mmoja tu, Vermentino, kwa sababu ndio unaomwonyesha mwanafunzi makosa yake upesi zaidi: ukipozwa kupita kiasi hunyamaza, na ukiwekwa kando ya chakula kisichoufaa hugeuka mchachu papo hapo.

Mwongozo huu ni wa watu wazima wanaokunywa. Asiyekunywa kwa sababu ya dini au afya anaweza kuruka moja kwa moja hadi hatua ya nane, maana chakula kilichoelezwa pale kinapikwa bila hata tone la mvinyo.

Machache ya kujua kwanza

Vermentino ni jina la zabibu na pia la mvinyo unaotokana nayo. Nchini Italia hulimwa hasa kisiwani Sardinia, katika mkoa wa Liguria na kwenye pwani ya Toscana. Magharibi mwa Liguria zabibu hiyo huitwa Pigato, Piemonte huitwa Favorita, na upande wa Ufaransa, katika eneo la Provence, huitwa Rolle. Kwa hiyo usishangae ukikuta majina manne kwa kitu kimoja. Eneo lenye sifa kubwa zaidi ni Gallura, kaskazini mashariki mwa Sardinia, ambako mizabibu huota kwenye udongo wa mawe ya matale yaliyosagika na hupigwa na upepo mkali wa kaskazini magharibi, ambao wenyeji huuita maestrale.

Ukiunusa utakutana na balungi, tufaha la kijani na harufu kama ya majani makavu ya vichaka vya pwani. Ukiumeza, mwishoni hubaki mambo mawili: ladha inayokaribia chumvi, na uchungu mwembamba kama wa ganda la lozi. Yashike mawili hayo, kwa kuwa ndiyo yatakayoamua karibu kila sahani tutakayoitaja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chupa moja ya Vermentino ya mililita 750.
- Kizibuo. Kile cha kukunjwa kinachotumiwa na wahudumu ndicho bora, lakini chochote chenye parafujo ndefu kitafanya kazi.
- Bilauri zenye mguu, nyembamba kidogo juu kuliko tumboni.
- Ndoo, barafu ya kutosha, maji, na kiganja cha chumvi.
- Kitambaa safi kisichonuka sabuni.
- Kipimajoto cha jikoni, kama unacho.
- Kwa jaribio la hatua ya sita: mkate, mafuta ya zeituni, chumvi, kipande cha limau, kipande cha embe bivu na pilipili moja mbichi.

Hatua kwa hatua

1. Soma lebo kabla ya kulipa. Tafuta mambo matatu. La kwanza ni eneo. Chupa iliyoandikwa Vermentino di Gallura ina daraja la DOCG, yaani ngazi ya juu kabisa ya mvinyo wa Italia unaolindwa kwa jina la eneo lake, ambalo eneo hilo lilipewa mwaka 1996 na ambalo ni la pekee kisiwani Sardinia. Sheria yake inataka angalau asilimia 95 ya zabibu ziwe Vermentino, na chupa lazima iwe na utepe wa serikali wenye namba shingoni. Chupa iliyoandikwa Vermentino di Sardegna ni ya daraja la DOC, ngazi moja chini yake, zabibu zake zinaweza kutoka popote kisiwani, na kima cha chini ni asilimia 85. Hii ya pili ni nafuu na nyepesi zaidi, na kwa mtu anayeanza sioni aibu yoyote kuinunua. La pili ni neno Superiore, linaloonyesha mvinyo mzito kidogo. Kwa Gallura kilevi chake huanzia asilimia 13, wakati ule wa kawaida huanzia 12. La tatu ni mwaka wa mavuno. Vermentino wa kawaida hunywewa ukiwa mchanga, kwa hiyo chagua wa mwaka mmoja hadi mitatu iliyopita.

*Tahadhari:* ukiona neno passito au vendemmia tardiva, rudisha chupa rafuni. Hayo yanamaanisha kwamba zabibu zilikaushwa au zilichelewa kuvunwa, na mvinyo wa passito ni mtamu kabisa. Ni mzuri kwa kazi yake, ila hauhusiani na mwongozo huu. Neno frizzante, kwa upande wake, humaanisha kwamba una mapovu.

2. Kagua chupa yenyewe. Angalia kizibo kama hakijasukumwa juu, na kama hakuna alama ya mvinyo uliotiririka shingoni. Hizo ni dalili za chupa iliyopigwa na joto, jambo la kawaida pale mzigo unapokaa juani bandarini au rafu inapokuwa karibu na dirisha. Mwambao wetu hauna huruma na mvinyo mweupe. Mimi huchukua chupa ya nyuma ya rafu, iliyo gizani, hata kama muuzaji ananitazama kwa jicho la pembeni.

3. Poza kwa kipimo. Vermentino wa kawaida unafaa kati ya nyuzi 8 na 10 za sentigredi. Superiore kati ya 10 na 12. Njia ya polepole ni kuilaza chupa kwenye jokofu kwa muda wa saa tatu hivi. Njia ya haraka ni ndoo: weka barafu, mimina maji hadi shingo ya chupa ibaki nje, kisha nyunyiza kiganja cha chumvi, ambayo huyafanya maji yapoe chini ya kiwango cha kawaida cha kuganda. Baada ya dakika 20 hadi 25 chupa itakuwa tayari.

*Tahadhari:* barafu peke yake bila maji hupoza taratibu mno, kwa kuwa hugusa chupa sehemu chache tu. Na usiiweke chupa kwenye friza ukaenda kufanya mambo mengine. Nilifanya hivyo katika msimu wangu wa kwanza, nikaiokoa chupa dakika za mwisho kabla haijaganda, nikaipeleka mezani kwa mzee mmoja kutoka Olbia, mji ulioko hukohuko Gallura. Alionja, akaweka bilauri mezani, kisha akaishika kwa viganja vyote viwili kama mtu anayeota moto. Nikamuuliza, "Mzee, kuna tatizo?" Akanijibu bila hasira, "Hakuna, kijana. Umelala, nauamsha." Alikaa hivyo karibu dakika tano kabla ya kunywa tena. Baridi kali huziba harufu yote ya mvinyo na kuuacha uchungu peke yake, na ndiyo sababu watu wengi hudhani Vermentino ni mvinyo mchungu.

4. Fungua, kisha nusa kabla ya kumpa mtu yeyote. Kata karatasi ya shingoni chini ya ukingo, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa, ingiza parafujo katikati ya kizibo na uvute taratibu. Mimina vijiko viwili hivi kwenye bilauri yako na unuse. Kama unasikia harufu ya kartoni iliyoloa au ya stoo yenye ukungu, kizibo kimeuharibu mvinyo na hakuna dawa. Irudishe chupa ulikoinunua. Chupa nyingi siku hizi zina kifuniko cha kuzungusha, ambacho hakina tatizo hilo wala si alama ya mvinyo duni.

5. Mimina kidogo kidogo. Theluthi moja ya bilauri inatosha, yaani mililita 100 hadi 125. Katika hali ya hewa ya joto, bilauri iliyojaa hupata moto kabla mnywaji hajafika nusu, na hapo ndipo watu huanza kuomba vipande vya barafu. Barafu huupunguza nguvu mvinyo. Ni heri kumimina mara nyingi kutoka chupa iliyo ndooni. Shika bilauri kwenye mguu, isipokuwa kama una sababu za yule mzee wa Olbia.

6. Fanya jaribio la sahani moja. Hatua hii watu huiruka, na kwangu ndiyo somo lote. Panga kwenye sahani kipande cha mkate kilichotiwa mafuta ya zeituni na chumvi, kipande cha limau, kipande cha embe na ncha ndogo ya pilipili. Onja mvinyo peke yake kwanza. Kisha ula mkate, unywe. Utaona uchachu umelainika, uchungu umerudi nyuma na matunda yamejitokeza. Kula embe, unywe; mvinyo ule ule utakuwa mkali na mtupu, kwa sababu sukari ya chakula huunyang'anya utamu mdogo uliokuwa nao. Lamba limau, unywe. Utahisi kama unakunywa maji, maana uchachu wa limau umeushinda wake. Pilipili iache mwisho, kwa kuwa kilevi huongeza mwako wake na ulimi wako hautakufaa kwa robo saa inayofuata.

Ukishayahisi hayo kwa ulimi wako mwenyewe, huhitaji tena orodha ya mtu.

7. Chagua chakula kwa kutazama kinachokifunika. Kosa la kawaida ni kuuliza, "Ni samaki gani?" Uliza badala yake, "Samaki ametiwa nini?" Jodari wa kuchomwa kwa mafuta ya zeituni na chumvi, kama wanavyomla huko Carloforte, kusini magharibi mwa Sardinia, anakwenda vizuri mno na Vermentino, jodari yule yule akipakwa mchuzi mtamu wa asali na soya anauua.

Vyakula vya kwao vinavyoufaa ni vingi, lakini vichache vinastahili maelezo. Bottarga ni mfuko wa mayai ya samaki wa jamii ya mkizi, uliotiwa chumvi, ukakandamizwa na kukaushwa hadi ukawa mgumu wa rangi ya kaharabu. Ule wa Cabras, pwani ya magharibi ya Sardinia, ndio unaosifiwa zaidi. Hukwaruzwa juu ya tambi zilizochanganywa na mafuta ya zeituni, zikiwa zimeshatoka motoni, kwa sababu moto huufanya uwe mchungu. Kwetu husemwa kwamba hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi. Nadhani Wasardinia nao wana furaha yao, iko kwenye mayai. Chumvi ile na uchungu ule wa mvinyo hukutana kana kwamba vilizaliwa nyumba moja. Usiongeze limau.

Liguria wana pesto, yaani mrehani uliotwangwa pamoja na kitunguu saumu, mbegu za msonobari, jibini na mafuta ya zeituni. Mrehani una ukali wa majani ambao mvinyo mwingi mweupe hauwezi kuuvumilia, ila Pigato na Vermentino huupokea bila shida. Mjini Sassari, huko Sardinia, kuna fainè, mkate mwembamba wa unga wa dengu unaookwa tanurini kwa mafuta mengi na pilipili manga. Aliyewahi kula bhajia za dengu ataelewa mara moja ladha yake, na kwa kweli bhajia zenyewe, zisipokuwa na pilipili kali, huliwa vizuri pamoja na mvinyo huu.

Kwa Superiore unaweza kupanda hadi vyakula vizito zaidi. Gallura wana zuppa gallurese, ambayo licha ya jina lake si supu: ni mkate na jibini vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, vikamwagiwa mchuzi wa nyama na kuokwa. Jibini la kondoo lililo changa linafaa. Lililokomaa sana na kuwa kali linahitaji mvinyo mwekundu.

Na vyakula vya pwani yetu? Pweza wa kuchoma mwenye chumvi na mafuta, ndiyo. Kamba wa kitunguu saumu, ndiyo. Samaki wa kupaka au kuku wa kupaka, kwa maoni yangu hapana, kwa kuwa tui lina utamu na pilipili ina mwako, na umeshaona kwenye jaribio kile ambacho viwili hivyo hufanya. Wapo wenzangu wa kazi wanaobisha. Mimi nawaambia warudi hatua ya sita.

8. Pika chakula kimoja kamili: fregola na arselle. Fregola ni vidonge vidogo vya semolina vilivyokaushwa na kuchomwa kidogo tanurini, na arselle ni kombe wadogo wa mchangani. Kwa watu wanne andaa gramu 320 za fregola, kilo moja ya kombe, punje mbili za kitunguu saumu, nyanya ndogo kumi, kiganja cha majani ya parsili na vijiko vinne vya mafuta ya zeituni.

Loweka kombe kwa saa mbili kwenye maji yaliyotiwa gramu 35 za chumvi kwa kila lita, ili wateme mchanga. Mwenye ganda lililopasuka, au lililo wazi na lisilojifunga ukiligonga, mtupe. Chemsha sufuria kavu juu ya moto mkali, watie, funika, na baada ya dakika tatu hadi tano watakuwa wamefunguka. Ambaye hajafunguka naye mtupe. Chuja maji yao kwa kitambaa na uyahifadhi, maana humo ndimo ilimo ladha. Kwenye sufuria nyingine kaanga kitunguu saumu kwa mafuta bila kukiunguza, tia nyanya zilizokatwa, kisha fregola, na uongeze maji ya kombe pamoja na maji ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, kwa dakika 12 hadi 15, hadi vidonge viwe laini nje na vigumu kidogo katikati. Rudisha kombe, nyunyiza parsili, ongeza mafuta mabichi ya zeituni na upakue kikiwa na mchuzi kidogo.

*Tahadhari:* usitie chumvi kabla ya kuonja mwishoni. Maji ya kombe yana chumvi ya kutosha, na sijaona mpishi mgeni ambaye hakukosea hapa mara ya kwanza.

9. Panga mfuatano wa meza. Vermentino wa kawaida utangulie, Superiore ufuate. Ukifika kwenye seadas, maandazi ya Kisardinia yenye jibini ndani na asali juu, ondoa bilauri hizo mezani na ulete maji, au ule passito ulioukataa dukani.

Ukikwama

*Mvinyo hauna harufu wala ladha.* Mara nyingi umepoa kupita kiasi. Uache kwenye bilauri kwa dakika tano au sita na uonje tena kabla ya kuulaumu.

*Ni mchungu mwishoni.* Kama uchungu ni mwembamba na unafanana na lozi, hiyo ndiyo tabia yake. Kama unakera, angalia chakula: letusi chungu au mboga zilizoungua huongeza uchungu juu ya uchungu.

*Kuna chembe kama za sukari au vioo chini ya chupa.* Ni fuwele za asidi ya zabibu, hutokea kwenye baridi na hazina madhara. Simamisha chupa kwa muda, mimina taratibu, na uache kiasi kidogo chini.

*Kuna mapovu madogo ulimini ingawa lebo haikutaja.* Mvinyo mchanga mara nyingi hubaki na gesi kidogo ya kaboni. Zungusha bilauri, itatoka. Lakini kama mapovu ni mengi, mvinyo una ukungu na unanuka chachu, usinywe.

*Rangi ni ya kahawia na harufu ni ya tufaha lililokatwa likaachwa.* Hewa au joto vimeshauharibu. Kwa mvinyo uliokusudiwa kunywewa ukiwa mchanga, hakuna cha kuokoa.

*Umeshafungua na chupa haijaisha.* Ifunge na uirudishe kwenye jokofu ikiwa imesimama. Itakuwa nzuri kesho, ya kuvumilika keshokutwa, na siku ya nne imimine kwenye sufuria ya kombe.